Wanaouza vilebu bila chanjo wanatuuzia mauti

Apitaye katika barabara kuu za Nairobi nyakati za jioni, hasa pale magari yanapokwenda mwendo wa kobe kwa sababu ya msongamano, hakosi kumwona kijana aliyesimama kando ya njia akiwa amepakata vilebu wawili watatu. Wengine wamefungwa kamba shingoni, wengine wamerundikwa ndani ya katoni. Kioo cha gari huteremshwa, bei ikapatanwa, fedha zikatolewa, na kabla taa hazijaruhusu magari kwenda, mnyama amekwisha kupata mwenyewe. Nyumbani watoto hushangilia na kubishana kuhusu jina. Juma halijaisha, kilebu yule yule amejikunyata pembeni, anatapika povu, anahara damu, na hana nguvu hata za kuinua kichwa aitwapo.

Mambo haya si ya nadra. Ni msiba unaojirudia mjini na mashambani, na aghalabu hupita bila kupewa jina. Wengine husema kilebu amekula kitu kibaya. Wengine humlaumu jirani. Wachache tu ndio hujua kwamba aliyebisha hodi ni ugonjwa uitwao pavo, na wachache zaidi hujua kwamba ugonjwa huo ungeweza kuzuiwa kwa sindano.

Maoni yangu ni haya: kumuuza kilebu asiyechanjwa, tena akiwa bado mchanga, ni kumuuzia mnunuzi gharama na majonzi pasipo kumwambia. Biashara hiyo haifai kuachwa iendelee kiholela, na sisi wanunuzi hatufai kuitegemeza kwa fedha zetu.

Tuuelewe kwanza ugonjwa wenyewe. Kabla ya mwaka 1978 pavo ya mbwa haikuwa ikijulikana. Mwaka huo ndipo mbwa walipoanza kufa kwa wingi katika mabara mbalimbali, na haikupita miaka miwili kabla virusi hivyo kuenea ulimwengu mzima. Wataalamu walitambua kuwa virusi vyenyewe vilikuwa na unasaba wa karibu na vile vilivyokuwa vikiwaua paka kwa miongo mingi. Maadamu hapakuwa na mbwa aliyekuwa na kinga, waliangamia wakubwa kwa wadogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, wakiwemo Leland Carmichael na Max Appel, walijitosa katika kazi ya kutafuta chanjo, na mapema katika miaka ya 1980 chanjo ilikuwa ikitumika. Ni dhahiri basi kwamba tunazungumzia ugonjwa ambao kinga yake imekuwapo kwa zaidi ya miaka 40. Kilebu anayekufa kwa pavo leo hafi kwa sababu sayansi imeshindwa. Anafa kwa sababu kinga haikumfikia.

Virusi hivi huingia kupitia mdomoni, mnyama anaporamba au kunusa mahali palipochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa. Vikishaingia katika damu, hutafuta chembechembe za mwili zinazogawanyika kwa kasi, na kwa mnyama anayekua hizo hupatikana kwa wingi katika utando wa utumbo na katika uboho wa mifupa. Hapo kilebu hushambuliwa pande mbili kwa wakati mmoja. Utando wa utumbo huchubuka, damu na maji ya mwili yakavuja, na bakteria waliokuwa wakikaa humo kwa amani wakapata mwanya wa kupenya hadi kwenye mishipa ya damu. Papo hapo, chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hupungua kwa sababu uboho unaozitengeneza nao umeshambuliwa. Adui ameingia nyumbani ilhali walinzi wamekwisha kuondolewa langoni. Mnyama asiyetibiwa huweza kufa katika muda wa siku mbili au tatu tangu dalili zilipoanza, na wataalamu hukadiria kwamba wasiotibiwa hufa takriban wote, yaani asilimia 90 hivi.

Msomaji azingatie jambo moja kuhusu muda. Tangu kilebu aambukizwe hadi aanze kuugua, hupita kwa kawaida siku 3 hadi 7, na pengine hata 14. Hii ina maana kwamba aliyenunuliwa Jumamosi akiruka-ruka, kisha akaanza kutapika Jumatano, yamkini alikuwa amebeba ugonjwa kabla hajatoka mikononi mwa muuzaji. Isitoshe, katoni aliyokalia ilikaliwa na wengine kabla yake, na huenda mmoja wao alikuwa mgonjwa. Mbwa huanza kutoa virusi katika kinyesi hata kabla dalili hazijaonekana. Kwa hivyo kumtazama kilebu machoni na kumwona mchangamfu si ushahidi wa afya yake.

Kutojua jambo hili kumeleta madhara yasiyohusu mbwa pekee. Familia hupoteza kilebu wa kwanza, ikaleta wa pili, naye akafa vivyo hivyo, kisha wa tatu. Hapo minong'ono huanza. Inasemekana jirani ana kijicho, ametupa nyama yenye sumu ukutani. Urafiki wa miaka mingi huvunjika kwa tuhuma isiyo na msingi, ilhali mkosaji yumo ardhini. Virusi vya pavo ni vigumu kufa. Sabuni ya kawaida haiviui, wala spiriti. Katika udongo wenye unyevu na kivuli huweza kuishi miezi mingi, hata kupita mwaka. Kilebu wa pili hakulishwa sumu na mtu. Aliletwa pale pale alipofia mwenzake, akanusa ardhi ile ile.

Ndiyo sababu ninasisitiza usafi baada ya msiba. Kinyesi na matapishi yaondolewe kwanza, pahali paoshwe kwa maji na sabuni, kisha paloweshwe kwa dawa ya klorini ile tuitumiayo kung'arishia nguo nyeupe, kipimo kimoja kwa vipimo 20 au 30 vya maji kulingana na ukali wake, na paachwe hivyo kwa muda usiopungua dakika 10. Dawa hiyo isichanganywe na dawa nyingine za usafi, kwa maana hutoa hewa ya sumu. Bakuli na sakafu ya saruji husafika, lakini udongo ni vigumu. Mwenye ua wa udongo na ajizuie kuleta kilebu mwingine asiyekamilisha chanjo, hata watoto wakilia namna gani. Ni heri machozi ya kungoja kuliko machozi ya kuzika. Viatu navyo visisahaulike, kwa kuwa binadamu haambukizwi pavo ya mbwa lakini huweza kuibeba katika soli zake kutoka ploti moja hadi nyingine.

Nije sasa kwenye neno ambalo limewaponza wengi: "amechanjwa." Mnunuzi humwuliza muuzaji iwapo kilebu amechanjwa, naye hujibu kwamba ndiyo. Pengine hasemi uongo. Shida ni kwamba wengi wetu tunapotaja chanjo ya mbwa huwa tunafikiria kichaa cha mbwa pekee. Hiyo ndiyo tunayotangaziwa katika kampeni, na kwa haki kabisa, maana kichaa huua binadamu, na taifa letu lilijiwekea mpango wa mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Hata hivyo, sindano ya kichaa haimkingi kilebu dhidi ya pavo hata chembe. Ni ugonjwa mwingine na ni chanjo nyingine.

Tena chanjo ya pavo haitolewi mara moja ikaisha. Kilebu huzaliwa bila kinga kubwa, akaipata kutoka kwa mama yake katika dang'a, yale maziwa ya kwanza. Kinga hiyo humlinda kwa majuma kadhaa, lakini hiyo hiyo huizuia chanjo isifanye kazi. Kadiri siku zinavyopita, kinga ya mama hufifia, na hufika wakati ambapo imepungua kiasi cha kutoweza kumlinda, lakini ingali na nguvu ya kuibatilisha chanjo. Hakuna ajuaye kwa kutazama ni siku gani mlango huo utafunguka kwa kilebu fulani. Ndipo Muungano wa Madaktari wa Wanyama Wadogo Duniani ukashauri kwamba chanjo ianze kilebu akiwa na majuma 6 hadi 8, irudiwe kila baada ya majuma 2 hadi 4, na ya mwisho katika mfululizo huo itolewe akiwa na majuma 16 au zaidi, kisha arudiwe tena akikaribia miezi 6 au mwaka mmoja. Anayemchanja kilebu mara moja tu, akamwachilia azurure na kunusa kila jalala, amejenga nusu ya ukuta na kuamini kwamba mwizi hataingia.

Kadhalika, chanjo yenyewe ni kitu cha kutunzwa. Yapasa iwekwe katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi inapodungwa. Wapo wanaoinunua katika duka la agroveti, wakasafiri nayo mfukoni katika matatu mchana kutwa, kisha wakamdunga mbwa wenyewe ili kuokoa ada ya daktari. Yumkini wamedunga maji matupu. Wakati huo wote wanamhesabu mnyama kuwa amekingwa, na imani hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi.

Je, kilebu akishaugua? La kwanza ni haraka. Mwenye kilebu anayetapika, anayekataa chakula na kuhara, hasa kuhara damu yenye harufu kali, asingoje kesho aone kama atapata nafuu. Asimlazimishe maziwa na mayai mabichi, wala asimpe tembe za maumivu za binadamu, kwa maana baadhi yake ni sumu kwa mbwa. Ampeleke kwa daktari wa mifugo siku ile ile, na ampigie simu kwanza ili asimlaze sakafuni kati ya wanyama wengine wanaongoja.

Daktari hana dawa ya kawaida ya kuviua virusi vyenyewe. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kwa masharti dawa ya kingamwili iliyotengenezwa mahsusi dhidi ya pavo, na hiyo ni hatua ya kutia moyo. Lakini msingi wa tiba ungali ule ule: maji ya dripu ya kurudisha yaliyopotea, dawa ya kuzuia kutapika, viuavijasumu vya kuwakabili bakteria waliopenya kwenye damu, joto, na lishe kidogo kidogo mapema iwezekanavyo. Mnyama husaidiwa aendelee kuishi hadi mwili wake ujijengee kinga. Wanaotibiwa hivyo mapema, wengi wao hupona, na akishapona hupata kinga ya muda mrefu, ingawa yafaa atengwe na mbwa wengine kwa majuma kadhaa. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Kazi yetu ni kumwonyesha ufuko ungali karibu.

Najua fika kwamba hapa ndipo wengi hukwama. Gharama ya kumlaza kilebu kwa siku tano huzidi mara nyingi bei aliyonunuliwa. Baba aliye na karo ya shule ya kulipa hawezi kulaumiwa akisitasita. Lakini asidhani kwamba ana njia mbili tu, kulipa yote au kumwacha mnyama afe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha jimbo la Colorado, Marekani, uliwahusisha mbwa 40 wenye pavo. Kati ya 20 waliolazwa na kupewa tiba kamili, walipona 18. Wengine 20 walipewa kwanza maji ya mshipani, kisha wakaendelea na utaratibu nafuu wa kudungwa maji chini ya ngozi na dawa chache, namna inayoweza kufanyika kwa mgonjwa asiyelazwa. Kati yao walipona 16. Haikuwa sawa na kulazwa, wala utaratibu huo haumfai kila mgonjwa, lakini tofauti kati ya 16 waliopona katika 20 na kifo cha takriban wote si jambo dogo.

Kwa hivyo nawasihi madaktari wetu wa mifugo wawe wazi. Wamwambie mwenye mbwa tangu mwanzo tiba itagharimu kiasi gani, kuna njia gani ya nafuu, na uwezekano wa kupona ni upi kwa kila njia. Pale matumaini yamekwisha, waseme pia kwamba kumpumzisha mnyama bila maumivu ni huruma, si ukatili. Mteja asiyeambiwa kitu huondoka akiwa na aibu, akamfungia kilebu stoo afie humo, na ugonjwa ukabaki kijijini.

Wapo watakaouliza: mbona tupoteze wino kwa ajili ya mbwa, ilhali kuna wagonjwa wanaokosa dawa hospitalini? Swali hilo si la kudharauliwa. Lakini simwambii mtu yeyote auze shamba amtibu kilebu. Nasema kinyume chake, kwamba chanjo ni nafuu mno ikilinganishwa na dripu, na kwamba anayeshindwa kumudu chanjo afikiri mara mbili kabla ya kufuga. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Aidha, mbwa katika nchi hii si pambo. Ndiye mlinzi wa boma la mkulima, mwenzi wa mchungaji malishoni, na kengele ya usiku kwa mjane anayeishi peke yake. Wapo pia wasiofuga mbwa ndani ya nyumba kwa sababu za dini, nao tuwaheshimu. Hata hao wanakijua kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Huruma kwa kiumbe asiyeweza kusema haikuletwa kwetu na wageni.

Sasa wenye mamlaka. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi serikali za kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na ikataja bayana utoaji wa leseni za mbwa. Jedwali lilo hilo liliweka huduma za mifugo chini ya kaunti, isipokuwa usimamizi wa taaluma yenyewe. Kadhalika ipo Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360. Hatuna haja ya kungoja Bunge. Bunge la kaunti lina uwezo wa kuweka kanuni fupi: kilebu asiuzwe kabla ya kutimiza majuma 8, na asiuzwe bila kadi iliyotiwa sahihi na daktari, yenye tarehe na jina la chanjo aliyopewa.

Sipendekezi askari wa kaunti watumwe kuwafukuza vijana barabarani kwa rungu. Tukifanya hivyo biashara itahamia vichochoroni, na vilebu watazidi kufichwa. Kijana yule anatafuta riziki, na mara nyingi hana habari kuhusu pavo. Apewe leseni, afundishwe, na masharti yawe rahisi kutimizwa. Akiwa na kadi ya chanjo mkononi atauza kwa bei bora, na mnunuzi atalipa kwa hiari. Anayestahili ukali wa sheria ni mfugaji azalishaye vilebu kwa wingi, akijua kwamba bandani mwake kuna ugonjwa, kisha akawatawanya sokoni haraka kabla hawajamfia. Mficha maradhi, kifo humfichua, na hapa kifo hufichukia katika nyumba ya mtu mwingine.

Vilevile, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa inapofika mtaani, na watu wamekusanyika na mbwa wao, maafisa wasifunge meza bila kusema lolote kuhusu pavo. Dakika 5 za maelezo hazigharimu fedha. Wanaoweza kulipia chanjo hiyo waelekezwe pa kuipata. Wenye majike wasiotaka wazae, waelezwe kuhusu kuhasi, maana vilebu wengi wa katoni ni wale ambao hakuna aliyewapangia.

Lakini kanuni zote hizi ni bure iwapo mnunuzi ataendelea kuteremsha kioo na kutoa fedha. Ndugu msomaji, ukitaka mbwa, uliza maswali matatu kabla ya kuuliza bei: ana majuma mangapi, mama yake yuko wapi, na kadi yake i wapi. Asipokuwa na majibu, funga kioo uende zako. Ukimchukua kilebu aliyetupwa, na huruma hiyo nakupongeza, siku yake ya kwanza kwako apite kwa daktari kabla hajafika nyumbani, na asikutanishwe na mbwa wengine hadi majuma mawili yapite. Soko huuza kile tunachokubali kununua. Siku tutakapokataa kununua kilebu asiye na kadi, kadi zitapatikana, na chanjo itawafikia hata wale ambao leo hufa kabla hawajapewa jina.